Austin Aumbuka Redioni

Rita, weka hiyo sufuria chini usome. Austin ameumbuka redioni hapa Voi, live, sasa hivi!

Si unajua tangu bendi yao ya rock ijulikane hadi Nairobi amejifanya msanii wa mateso? Leo mtangazaji kamuuliza walianzia wapi. Jamaa akatoa ile sauti ya kukwaruza: "Mtaa ndio ulinilea. Gita ya kwanza nilijiundia na mkebe."

Mtaa! Austin wa Werugha, kule kijijini milimani kwa ukungu na kabeji! Bendi ilianzia kwa zizi la mamake, hadi ng'ombe wakagoma kutoa maziwa!

Msikilizaji wa kwanza kupiga simu, nani? Mamake.

"Austin, mkebe gani? Si babako aliuza ndama ndio ukanunuliwa gita? Na hiyo sauti, umeshikwa na homa?"

Rita! Eti mkebe!

Mtangazaji, akijizuia kucheka, akamuuliza mama anataka wimbo gani.

"Aimbe ule wa kwaya. Hizo kelele zake hata ng'ombe walizikataa."

Mtoto wa mtaa akajibu, "Sawa, mama." Akaimba beti zote, na ile sauti yake ya kanisani.

Na unajua kinachoniudhi? Huo ndio wimbo wa kwanza mzuri hiyo bendi imewahi kutoa.