Kwa Kabagwira, Ambaye Jina Lake Lilifutwa

Mwaka umetimia, Kabagwira, tangu homa ya uti wa mgongo ikuchukue kwa siku mbili, Aprili 1992. Watu wanatuambia hasira yetu ingepaswa kuwa imeshapoa. Haijapoa.

Ulikuwa mpole kuliko sisi sote hapa mtaani Kimisagara. Ulimmenyea mama viazi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Hata kompyuta uliisalimia "mwaramutse" kila ulipoiwasha.

Katika kiwanda cha uchapaji ulishughulikia maandishi ya Kiswahili, na sisi tunaochanganya l na r tulikupa kazi ya kutosha. Kadi moja ya arusi iliwaalika wageni waje "kura pamoja". Ikachapwa hivyo hivyo, bibi arusi akalia. Siku hiyo ulianza kuandika kirekebishi chako, programu ya kukamata makosa kama hayo.

Programu ya kuandikia mliyotumia ilikuja kwenye disketi pamoja na maandishi yake ya ndani, ili yeyote ayasome na kuyaongezea. Ulijifunza lugha yake ndogo ya kompyuta, Lisp, mabano ndani ya mabano, peke yako, kwa kitabu cha kuazima. Miezi saba. Kirekebishi kilipokamilika, mtu akiandika "kura" kilisimama kikamwuliza: unapiga kura, au unakula? Juu kabisa uliandika: "Kabagwira, 1991. Chukua, rekebisha, mpe mwenzako. Usifute majina ya waliotangulia."

Nsengiyumva, mkuu wako, alilifuta jina lako akaweka lake, kisha akakataza nakala zisitoke bila ruhusa yake. Siku wageni wa ofisi nyingine walipokuja kukiona kirekebishi, mmoja aliuliza nani kakiandika.

"Mimi," alisema. "Karani huyu alinisaidia kupiga chapa."

Nawe ulikuwa umesimama pale pale.

Ulirudi nyumbani ukatusimulia kama unasimulia habari ya mvua. Mama akauliza, "Na wewe ulisema nini?"

"Sikusema kitu. Mama, programu iko inafanya kazi, watu wanaitumia. Inatosha."

Haikutosha, Kabagwira. Kwa hilo hata wewe tumekukasirikia, tukikulilia huku tumekukasirikia.

Kwenye mazishi, yule mtu alisimama mbele ya jeneza lako akakusifu kwamba ulikuwa na vidole vyepesi vya kupiga chapa. Vidole! Wajomba wawili walimshika kaka yako Armel mikono asimrukie.

Wiki mbili baadaye Winifred, mwenzako wa meza ya pili kiwandani, alituletea disketi uliyompa kwa mkono wako, yenye jina lako na tarehe. Yeye na Armel wakaenda nayo kwa Nsengiyumva. Alicheka. "Mabano hayo mtu yeyote anaweza kuyaandika."

"Vizuri," alisema Armel. Winifred akafuta bano moja tu katikati ya maandishi, kirekebishi kikagoma. "Kirekebishi ni chako," Armel akamwambia. "Lirudishe hilo bano."

Wafanyakazi waliacha mashine zao wakaja kutazama. Nsengiyumva akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Akavua koti. Saa ya chakula ikafika, naye hajui bano lilitoka wapi. Winifred akainama, akalirudisha bano mahali pake kwa kidole kimoja, na kirekebishi kikaamka. Hakuna aliyepiga makofi. Walirudi kwenye mashine zao mmoja mmoja, bila kumtazama usoni.

Hakuomba radhi. Juzi ametuma mtu kuuliza kama anaweza kuja kwenye misa yako ya kutimiza mwaka na kusema maneno machache. Mama alimjibu mjumbe mlangoni, hata maji hakumpa: "Mwambie alishasema ya kutosha. Akija, atatoka kabla padri hajaingia."

Kirekebishi chako kimefika Butare na Bujumbura, na jina lako liko juu. Anayekihitaji aje kwetu na disketi yake, hatumnyimi mtu. Ila mmoja.

Tunaokukumbuka ni mama yako Nyiransabimana, kaka yako Armel, mdogo wako Natacha, na Winifred, ambaye sasa ni wa nyumba hii. Daima utabaki wetu. Yule mtu hatujamsamehe. Aliyekuwa akitufundisha kusamehe ni wewe, nawe hupo.