Igizo la Kija Siku ya Kumzika Baba

Kibaoni, Mpimbwe,
Katavi.
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Damiano,

Habari za Mtwara? Shemeji Theopista hajambo? Watoto je, na yale magoti yako? Huku tu wazima. Mpunga tumevuna, ghala limejaa mpaka kuku wamenenepa kwa kudokoadokoa mlangoni. Dada yetu Kasilda anauliza kama huko Mtwara mabasi ya kuja Katavi yamekwisha.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu yako huwa unaiweka spika, na hili si la kusikiwa na sebule nzima.

Unakumbuka tulipomzika baba, mtani wetu Kija alivyomwigiza? Alivaa koti la marehemu, akageukia ukuta nyuma ya nyumba, kashika suruali, akawa anangoja. Akangoja weee. Kisha akasema, "Jamani, hata mvua huwahi kuliko mimi!" Watu walicheka mpaka machozi, wewe ukakaa chini kabisa. Wote tulijua baba alikuwa hivyo haja ndogo ikimshika. Na kile kiuno chake kilichomuuma tulikiita kiuno cha mpunga, maana nani hapa Mpimbwe anainama kupanda mpunga mbugani asiumwe kiuno?

Basi, mwaka juzi mimi nami nilianza kusimama nikingoja. Nikanyamaza kama baba. Kasilda ndiye aliyenishtukia, akanikokota mpaka Mpanda nikapimwa damu, nikapewa rufaa ya Dar es Salaam. Ilikuwa saratani ya tezi dume, tena ile kali inayosambaa haraka. Sikukuambia, nisamehe, niliona haya. Nilipigwa mionzi, na leo vipimo vimetulia. Msimu huu nimelima ekari mbili kwa mikono yangu.

Daktari aliniuliza nani katika ukoo aliwahi kuugua. Nikajibu hakuna. Halafu nikalikumbuka lile koti, nikaanza kulia mbele yake. Nilipomsimulia, akasema huenda baba naye alikuwa nayo. Damiano, baba aliteseka mbele ya macho yetu, na sisi tukapiga makofi.

Akauliza na upande wa mama. Nilishangaa, kumbe hata mama mkubwa Apollinarie, aliyefariki kwa saratani ya titi, anahesabika, kwa kuwa wakati mwingine magonjwa hayo mawili hurithiwa pamoja. Hii ya tezi dume sisi watu weusi hutupata zaidi, na umri nao unaongeza. Hayo hatuna la kuyafanya. Ila alisema sigara na unene vinaweza kuifanya iwe kali zaidi, nikaikumbuka ile picha yako ya kipaimara cha binti yako Bernadetha. Tumbo limeingia kanisani kabla yako!

Kwa hiyo usingoje dalili. Mimi nilingoja. Mwenye ndugu aliyeugua anashauriwa amwone daktari kuanzia miaka arobaini na mitano, hata kabla, nawe una arobaini na minane. Wanatoa damu mkononi tu. Wakitaka na kile kipimo cha kidole, daktari anapoipapasa tezi kwa njia ya nyuma, ni dakika moja. Mimi nilipolalamika, Kasilda alinijibu mbele ya manesi: "Nyie wanaume mna maneno! Sisi tumezaa, nyie mnaogopa kidole?" Manesi walicheka, nami nikalala kitandani bila ubishi.

Nenda kabla mwezi haujaisha, kisha nipigie. Siku hiyo spika ruksa.

Msalimie sana shemeji, na Bernadetha mwambie zawadi yake ya mchele mpya iko njiani. Mungu awafunike kwa mkono wake, na wewe akupe miaka mingi ya kubishana na mimi.

Kija naye hajambo, juzi alikuja kula wali. Analalamika kwamba nimemharibia kazi, eti siku nikifa hatakuwa na cha kuniigiza. Na wewe mnyime cha kuigiza, mdogo wangu.

Kaka yako akupendaye,
Makarius