Mashine ya Mlangoni na Cheti cha Mama Mkwe

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Ijumaa. Mimi ni mkutubi, kazi naipenda, mume wangu mtulivu, na mama mkwe ananilea kama mwanawe, tena ndiye aliyeniachia kiti chake cha maktaba alipostaafu mwaka jana, sasa tumeletewa programu ya kompyuta ya kujazia takwimu za mwaka, mwisho wa kutuma ni Ijumaa, nikajaza vitabu vilivyoazimwa, elfu ishirini kama kila mwaka, ikakubali, lakini nilipofika kwenye wageni nikagundua kuwa mashine ya mlangoni humhesabu mtu akiingia na tena akitoka, nikagawa kwa mbili, nikapata elfu ishirini, programu ikawaka nyekundu: mwaka jana mliripoti elfu arobaini, eleza! Kumbe mama mkwe hakuwahi kugawa, miaka tisa yote, na kwa hesabu hizo alipewa cheti cha maktaba yenye wageni wengi, kimetundikwa sebuleni kwake, hupati chai mpaka ukisome. Nikituma ukweli nitamwaibisha, nikijaza elfu arobaini nitakuwa mwongo. Nifanyeje?

Mkaza mwana mwenye wasiwasi

Mwanangu, pole, ila hiyo elfu arobaini usiiguse! Mama mkwe wako alikosea kwa kutojua, wewe ungekosea kwa macho makavu. Programu imekuomba maelezo, basi ipe: "Mashine huhesabu kuingia na kutoka, sasa tunagawa kwa mbili." Usitaje mtu. Waombe wakubwa wako warekebishe na miaka ya nyuma.

Lakini usibonyeze kitufe kabla hujaongea naye, asije akayasikia kwa watu. Na wewe nawe, umezijaza takwimu zote hizo bila kuzisoma? Wageni elfu arobaini kwa vitabu elfu ishirini, ilionekana nusu yao walitoka mikono mitupu. Wageni elfu ishirini kwa vitabu hivyohivyo, ni kitabu kimoja kwa kila aliyeingia! Miaka yote hiyo mama wa watu alikuwa akijipunja mwenyewe.

Nenda kesho, kisome cheti, unywe chai yako, kisha mwambie hilo kwanza. Habari ya mashine ifuate. Akiamua kukishusha, msumari usibaki mtupu. Chapa karatasi yenye hesabu yake ya kweli, kitabu kimoja kwa kila mgeni, miaka tisa, umtundikie palepale.