Cheti cha Ulimi

Munazza, uko? Mume wangu leo kaniumbua!

Nekesa, mkemia wa kiwanda cha soda, kaja dukani kwetu Bondeni kutazama ule unga wa dondoo ya maganda ya balungi, wa kutia uchungu kwenye soda. Kaulizia cheti cha maabara. Abdeali wangu kamjibu, "Kwetu sisi cheti ni ulimi."

Kachota pipa la kwanza, kabugia kijiko kizima, Munazza. KIZIMA! Kama anaonja bizari!

Machozi yakamtiririka. Nekesa kamuuliza, "Ni safi?" Akaitikia kwa kichwa tu, maskini.

Nekesa kacheka, akasema uchungu huo ndio autakao, mradi kila pipa liwe sawasawa na hili.

Mapipa ni kumi na mawili. Nekesa kavuta kiti, kamrudishia Abdeali kijiko chake.