Sabuni ya Darasani Iliyomchoma Mwanangu

MAELEZO YA SHAHIDI

Shahidi: anajulikana kama Mama Kibonge
Umri: miaka ishirini
Kazi: mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliyerudi shule baada ya kujifungua
Makazi: kwa mama mkwe wake, nyuma ya soko

Ninaeleza kwa hiari yangu mbele ya afande wa zamu.

Mwalimu wetu wa kemia hutufundisha kutengeneza sabuni kwa mafuta na magadi makali, ili tuielewe kemia na tukimaliza shule tuwe na cha kuuza. Sheria yake ni moja. Sabuni mpya ilale wiki nne kabla ya kugusa mwili wa mtu. Baada ya hapo aliyeitengeneza anaigusisha kwanza kwenye ulimi wake mwenyewe. Ikichoma, haiuzwi. Tunamwita Bwana Ulimi. Naye hujibu, "Chekeni tu, lakini mteja asiungue kabla yako."

Mnamo Ijumaa ya wiki jana nilirudi nyumbani na vipande vyangu vya sabuni vikakaukie huko. Niliviweka juu ya kabati la vyombo nikamwambia mama mkwe, "Mama, hizi bado changa, zisiguswe."

Akasema, "Sabuni nayo ina utoto? Haya, mwalimu wangu."

Tukacheka. Sikumwambia kwamba zinachoma.

Jumatatu, kama saa sita mchana, mlinzi alikuja kuniita darasani. Nilimkuta mama mkwe getini, mwanangu Kibonge yuko kifuani kwake ndani ya shuka. Mtoto alikuwa mwekundu mgongoni na mapajani, amelia mpaka sauti imekauka. Mama alisema, "Nilitaka anukie sabuni ya mama yake." Mikono yake pia ilikuwa imechubuka. Mwalimu alitoka maabara mbio, akamweka mtoto chini ya bomba, akamwagia maji mengi sana, halafu akatupeleka zahanati. Daktari alisema ngozi itarudi. Nilimuuliza mara tatu, akasema itarudi.

Jioni majirani walijaa uani. Mmoja alisema mwalimu anawapikisha watoto wa watu sumu. Mama aliificha mikono yake ndani ya kanga. Kesho yake alikuja hapa kushtaki kwamba mwalimu ndiye aliyenipa sabuni ile nimwogeshee mtoto. Si kweli. Tangu siku hiyo mwalimu yuko mahabusu na maabara ina kufuli.

Afande ameniuliza kama najua kwamba mlalamikaji ndiye anayenipa pa kulala. Najua. Ndiye aliyembeba mwanangu kwenye benchi hapo nje, namsikia anambembeleza. Nilipopata mimba watu walisema nimekwisha, yeye akaninunulia sare akanirudisha shule. Nikitoka hapa sijui ataniangaliaje. Lakini mwalimu hana kosa, na ile maabara ndiyo riziki ya mwanangu ya kesho. Sabuni mama aliichukua mwenyewe, kwa mapenzi. Naomba mama asifunguliwe kesi ya kusema uongo. Aliona haya tu mbele ya majirani.

Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo. Nimesomewa, ni maneno yangu.

Sahihi ya shahidi: Mama Kibonge

Maelezo ya afande: Nimeyaandika saa nne asubuhi. Shahidi ameomba mlalamikaji asomewe maelezo haya yeye akiwepo. Mlalamikaji ameitwa ndani, amesikiliza mpaka mwisho, amempa shahidi mtoto anyonye, kisha ameniuliza, "Afande, ya kwangu yanafutwaje?"