Gunia la Kizimba cha Sita

Jumanne, 11 Juni

Leo nimefanya jambo lisiloingia kwenye fomu. Naliandika hapa nipumue.

Asubuhi kama kawaida, wiki ya kwanza ya utafiti. Vizimba vinane, nguruwe kumi kumi, nasoma mikia. Sifuri: mkia mzima. Moja: mikwaruzo. Mbili: kidonda. Tatu — umeliwa na wenzake. Kizimba cha kwanza hadi cha nne wana kamba za katani za kutafuna. Cha tano hadi cha nane hawana kitu, sakafu na ukuta basi. Ndio utafiti wenyewe: kamba zitawazuia kutafunana mikia au la. Daktari alinisisitizia siku ya kwanza, mara tatu: huku kusiingie hata jani.

Cha sita kuna mdogo mmoja, namwita Bwana Shauri kwa jinsi anavyonikazia macho. Leo mkia wake ulikuwa damu tupu. Wenzake wamemzunguka, analia, wanamfuata! Nikaandika tatu. Kisha nikachukua gunia kuukuu la pumba nikawatupia. Wakaliparamia wote, wakamwacha.

Nikajiona mtu mwema kweli. Nikawapa na wa tano, wa saba, wa nane. Nusu huruma, nusu — niseme ukweli — kelele zilishanichosha.

Ijumaa, 14 Juni

Siku ya Daktari. Saa moja kabla hajafika niliyatoa magunia nikayaficha nyuma ya tangi la maji. Akasema fomu zangu ni safi kuliko za wote aliowahi kufanya nao kazi. Nikachekelea.

Alipoondoka, nikayarudisha.

Alhamisi, 20 Juni

Bwana Shauri anapona. Sifuri, moja, sifuri, sifuri. Nilikuwa nafurahi mpaka nilipolaza fomu za kamba kando ya fomu za vizimba vitupu. Zinafanana!

Nimekaa chini palepale kwenye pumba. Bosi, mwenye shamba, alimwahidi Daktari mbele yangu: kamba zikipunguza majeraha, watoto watakaozaliwa Julai hawatakatwa mikia. Zisipopunguza, wanakatwa wote kama zamani, wasije wakatafunana. Na mimi nimewapa hawa huruma ya gunia, nikawanyima hao wote wanaokuja. Nilikuwa na akili gani?

Kesho namwambia Daktari. Kesho kwa vyovyote.

Ijumaa, 21 Juni

Sikumwambia. Nimefyata mkia — mimi, niliyeajiriwa kuhesabu mikia.

Jumapili, 23 Juni

Dada alikuwa na jirani sebuleni. Anamsimulia kazi yangu, eti mdogo wangu ndiye macho ya Daktari, bila yeye hakuna utafiti. Shemeji akadakia, profesa wa mikia huyo, mwache. Wakacheka. Nilikuwa mlangoni na chai yao. Nikaweka sinia mezani, nikasingizia nimesahau sukari.

Ningeyaondoa magunia sasa, wangeanza kutafunana upya na Daktari angeuliza kulikoni. Nikiendelea, naharibu zaidi. Nimeendelea.

Ijumaa, 28 Juni

Matokeo. Ofisini kwa Bosi, kiti changu kikiwa katikati yao. Daktari amegeuza karatasi mbele, nyuma, mbele. Majeraha sawa. Uzito sawa. Kamba hazikusaidia kitu.

"Nilikuwa na uhakika," akasema. Basi. Akavua miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi.

Bosi hakumsimanga hata kidogo. Alisema pole, walau tumejaribu, basi tuendelee kukata. Akanigeukia akaniuliza kama nina la kuongeza, maana mimi ndiye niliyekuwa nao kila siku.

Nikasema sina. Sina! Natamani ardhi ipasuke.

Jumatatu, 1 Julai

Nimepita kwa Koleo, mzee wa kazi anayekata mikia. Jina limembakia ingawa siku hizi anatumia chuma cha umeme. Alikuwa anakipangusa. Alinyoosha vidole, vikalia kimoja kimoja.

"Miaka kumi na tisa mkono huu unakata," akaniambia. "Nilidhani mwaka huu utapumzika."

Nikamwambia pole. Pole! Ulimi wangu ulivyo mwepesi kwa yasiyo na maana.

Jumanne, 2 Julai

Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nje ya banda la nguruwe waliozaa. Watoto kumi na mmoja, wa siku moja, wamelala ndani ya beseni wamepandana. Koleo amechomeka chuma. Kazi yangu leo ni kushika.

Nimemwomba asubiri kidogo. Akauliza kwa nini. Nikamwambia kuna kitu sijamwambia Daktari.

"Magunia?" akasema. "Nyuzi zake nimezifagia wiki zote hizo. Nilijua umeagizwa na Daktari."

Umeagizwa. Bora angenitukana.

Nimempigia Daktari, hapokei, yuko kikaoni. Nikaandika ujumbe: kuna magunia yaliingia vizimbani. Yaliingia — yana miguu? Nikafuta. Nikaandika tena: Nilitia magunia kwenye vizimba vitupu. Ni mimi. Nisamehe. Nikatuma kabla roho haijageuka.

Amejibu sasa hivi. Hakunifokea. Ameuliza tu: "Tangu lini?"

Nimefungua daftari hili nyuma kuhakikisha. Tarehe 11, mwandiko wangu mwenyewe. Tarehe 11 inamaanisha utafiti mzima umekufa mikononi mwangu, uanze upya, na hakuna wa kukatwa mpaka uishe. Ningesema tarehe 24, zingeharibika siku za mwisho tu. Daktari angeziondoa hizo, matokeo yangebaki yaleyale, hawa wangekatwa, na mimi ningebaki na aibu ndogo, ya kubebeka.

Nimetazama simu. Vidole vimeshaandika 24. Sijatuma. Koleo anaita, chuma kimeshika moto.