Dau Nililolificha

Jumatano, Singida Mjini. Upepo umeanza tangu asubuhi na haujapumzika. Vumbi limeingia mpaka ndani ya printa. Hali ya moyo wangu ni mbaya kuliko hali ya hewa, na leo sitajifanya vinginevyo.

Nimepoteza uso wa baba yangu. Nimeupoteza kwenye mnada wa mtandaoni, huku hela ya kuupata ikiwa imekaa kwenye simu yangu.

Nieleze taratibu, maana nikieleza haraka naonekana nimechanganyikiwa.

Baba alifariki nikiwa na miaka mitatu. Picha zake mbili zilizokuwepo nyumbani Mwankoko ziliishia kwa mchwa. Mimi nina steshenari ndogo karibu na soko. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti, na watu wakifiwa huniletea kitambulisho cha marehemu ili niukuze uso wake, nimvalishe suti, awekwe kwenye fremu ya msibani. Nimewavalisha suti wazee wengi ambao hawakuwahi kuigusa. Baba yangu mwenyewe sina hata kipande cha kukuza.

Ila ilikuwepo picha ya tatu. Mama anasema muda mfupi kabla baba hajaugua tulikwenda sote watatu studio moja hapa mjini, ile yenye pazia lililochorwa ngazi za ndege. Baba alivaa koti la kuazima, mama akanipakata. Picha haikwenda kuchukuliwa. Ugonjwa ulitangulia, ukafuata msiba, yakafuata maisha.

Mwenye studio naye alishafariki. Mwezi uliopita mwanawe, Kaka Jofrey, anayeishi Morogoro, akaviweka vitu vya mzee kwenye mtandao wa minada. Kamera, taa, pazia lenyewe, na sanduku la mbao lenye negativu za zamani, zile filamu ambazo picha husafishwa kutoka kwazo. Sanduku linauzwa zima.

Nilimwonyesha mama kwenye simu. Alitazama muda mrefu. "Koti nalikumbuka," akasema. "Uso umenitoka, mwanangu." Halafu, kwa sauti yake ya biashara, "Lilete hilo sanduku. Ila wasijue kuwa unalitaka."

Huku kwetu mnada ni siku ya gulio. Kuku, mitumba, nyama choma, vumbi. Mama ameuza kuku minadani maisha yake yote na sheria yake ni moja. Kishike kitu kama vile kinakunukia vibaya, taja bei ndogo, ukikataliwa ondoka. Usigeuke. Kabla hujafika mbali utasikia, "Mama, rudi basi tuongee." Nimekulia ndani ya sheria hiyo. Sina kiatu hata kimoja nilichonunua bila kwanza kukipa mgongo.

Mnada wa mtandaoni hauendi hivyo, na nilijua, kwa sababu maelezo yote niliyasoma. Bei inapanda tu. Dau la kuanzia lilikuwa elfu ishirini, na anayetaka kumpita mwenzake aongeze angalau elfu mbili. Unaweza kupandisha kwa mkono, au ukauambia mtambo kiwango chako cha mwisho kwa siri, nao ukakupandishia kidogo kidogo kila unapozidiwa, ukisimama pale pale inapotosha. Wazoefu wana mbinu zao. Wapo wanaoweka kiwango chao mapema na kwenda shambani. Wapo wanaonyamaza mpaka dakika ya mwisho ili mwingine asipate muda wa kujibu. Na wapo wanaoruka juu ghafla kuwatisha wenzao.

Nilikuwa na laki moja na themanini. Ningeuambia mtambo hivyo siku ya kwanza, nikaendelea kudurufu vyeti vya watu. Nisingelipa yote. Ningelipa kidogo tu juu ya aliyenifuata.

Sikuweza. Kutaja kiwango chako cha mwisho, hata kwa mashine, kwa mtoto wa mama yangu ni sawa na kwenda gulioni na mkoba wazi.

Basi nikaweka elfu ishirini na mbili kwa mkono. Papo hapo ikaja ishirini na nne kutoka kwa mtu aliyejiita Kiboko. Nikaweka ishirini na sita, papo hapo ishirini na nane. Nilimwona akilini mwangu akiwa ameikodolea simu macho, mwenye pesa, mwenye njaa ya sanduku langu. Kumbe ni mtambo uliokuwa ukimjibia, yeye yuko kwenye shughuli zake. Tulipofika arobaini na sita yangu, arobaini na nane yake, nikaacha.

Nikaondoka. Hiyo ilikuwa Alhamisi, na mnada ulikuwa unafungwa Ijumaa saa kumi jioni.

Nilikuwa nimejipa sababu nzuri. Muuzaji anaruhusiwa kuwa na bei yake ya chini asiyoionyesha, na dau lisipoifikia anaweza kumtafuta mtu mwingine wazungumze. Nikajiambia elfu arobaini na nane haiwezi kutosha sanduku zima. Kiboko ataachwa, nami nitaitwa.

Ijumaa saa kumi nilikuwa nakata picha za pasipoti za mwanafunzi, simu nimeilaza kifudifudi. Nilipoigeuza ilisomeka: Umezidiwa. Mnada umefungwa.

Hata hapo sikupiga simu. Nilisubiri Jumamosi. Jumapili kanisani simu niliiacha kwenye mtetemo. Jumatatu, Jumanne. Leo ninapoandika naona aibu kuzihesabu siku hizi. Namba ya Kaka Jofrey ilikuwa pale kwenye tangazo tangu mwanzo.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nimeinama leo asubuhi.

Nilimpigia nikamwambia yote, baba, koti, ngazi za ndege. "Dada yangu, pole sana," akasema. "Ungeniambia tu. Mzee aliandika jina kwenye kila bahasha. Ningekutolea ya kwenu bure kabisa, hata mnadani isingefika."

Bure. Nimelirudia hilo neno siku nzima.

Nikamuuliza aliyelichukua ni nani. Akasema huyo Kiboko ni mzee mmoja wa Mwanza anayetoa fedha kwenye filamu za zamani. Nilidhani anasema hela, nikajiuliza mtu anapataje hela kwenye nyuso za watu asiowajua. Alimaanisha madini. Filamu inalowekwa kwenye dawa, ule weusi wake unayeyuka, unachujwa, unakuwa fedha ya kutengenezea pete. Na ule weusi ndio sisi. Ndio koti, ndio uso.

Nikapewa namba, nikapiga. Sauti ilikuwa ya mtu mzima, nikamwamkia shikamoo kama vile nimekwenda ukweni. "Marahaba, mwanangu." Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema sanduku lilimfikia Jumapili, na jana asubuhi aliziloweka filamu zote. Zimebaki plastiki tupu, unaona upande wa pili. "Ningejua nisingeligusa," akasema. "Na kiwango changu kilikuwa elfu hamsini tu. Ungenipita."

Nilikuwa na laki moja na themanini.

Akaniomba jina la baba. Bahasha alikuwa bado hajazitupa. Baada ya saa nzima akapiga tena, nikasikia karatasi zikichakarika. Ipo, akasema. Imeandikwa jina la baba yangu kwa kalamu ya wino, na chini yake: watatu, picha hazijachukuliwa.

Nilikuwa na mteja mbele yangu. Nililia hivyo hivyo, yeye akajifanya anasoma bei za kulaminisha.

Watu husema majuto ni mjukuu. Wangu amekuja kabla sijapata hata mtoto. Na nimechoka kujitania, inauma tu. Ningekosa kwa sababu ya umaskini ningejifariji, maana umaskini tunaujua. Nimekosa kwa kuringa. Nilikitaka kitu kuliko vyote nilivyowahi kuvitaka, nikatumia nguvu zangu zote kuficha kwamba nakitaka, nikafanikiwa.

Mama hajui bado. Amepiga mara mbili mchana huu na nimeacha simu iite mpaka ikanyamaza. Kesho nikifunga duka nitakwenda Mwankoko. Nitamwambia picha ilikuwepo kweli, kwamba mpaka jana asubuhi uso wa mume wake ulikuwa bado upo duniani. Nitamwambia na kuhusu elfu hamsini. Hilo la bure sijui kama litatoka mdomoni.

Naye atauliza, namjua, kwa nini sikumwambia tu yule kaka tangu mwanzo kwamba tunaitaka. Nitamjibu nini, bila kumtaja yeye mwenyewe?